Je, wajua kwa nini chuo cha mtandaoni ni chepesi kuanza na kizito kumaliza?

Pale mwalo wa Kibirizi, mjini Kigoma, yuko dada mmoja anayenunua dagaa kwa wavuvi alfajiri na kuwaanika kwenye vichanja. Akishawatandaza anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anajifunika kanga kichwani ili jua lisipige kwenye kioo cha simu, kisha anachomeka hedifoni sikio moja. Sikio la pili analiacha wazi kwa ajili ya kunguru na wateja. Ukidhani anasikiliza Bongo Fleva umekosea. Huo ni mhadhara wa uhasibu. Yuko mwaka wa tatu wa shahada, na karibu yote ameisomea hapo hapo kwenye harufu ya dagaa.

Nilimuuliza wenzake walioanza naye wako wapi. Akacheka. Kikundi chao cha WhatsApp mwaka wa kwanza kilikuwa kinalia usiku kucha, mpaka mumewe akanuna. "Sasa hivi, kaka, tukisema tukutane tunaenea kwenye bajaji mbili."

Hapo ndipo penye swali. Chuo kisichokudai nauli wala kodi ya chumba, kinachokufuata mpaka kitandani, kwa nini watu wanakikimbia?

Tuondoe kwanza dhana kwamba mambo haya yameletwa na simu janja. Mwaka 1840 Mwingereza Isaac Pitman alikuwa anafundisha hati mkato kwa posta: anatuma somo kwenye kadi, mwanafunzi anaandika zoezi na kulirudisha, naye anasahihisha. Tangu 1858 Chuo Kikuu cha London kikaruhusu watu wafanye mitihani yake bila kusoma pale. Nelson Mandela alipata shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Kwetu, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikaanza kazi mwaka uliofuata, na kina vituo mikoani, Kigoma na Tabora zikiwemo. Wazee waliosoma "kwa posta" wanaujua mchezo huu vizuri, pamoja na upweke wake. Kilichobadilika ni kwamba zamani somo lilisafiri kwenye bahasha, leo linasafiri hewani.

Na huku kwetu kusafiri kwa somo badala ya mtu si jambo dogo. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na kutoka hapa stesheni hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 1,250. Tangu hapo mtoto akifaulu, anaondoka. Hata Mwalimu Nyerere mwenyewe, mwaka 1937, ilibidi atoke pande za Musoma aje Tabora kusoma sekondari. Vizazi na vizazi vimekua vikiona kwamba kusoma maana yake ni sanduku, kilio cha mama pale stesheni, na barua baada ya mwezi. Shika hilo, tutalirudia.

Uzuri wa chuo cha mtandaoni unauona ukiweka hesabu mezani. Anayekwenda kusoma Dar halipi ada tu. Analipa chumba, chakula, daladala, na kubwa kuliko yote analipa kile alichokiacha nyumbani. Dada wa Kibirizi akiondoka miaka mitatu, vichanja vyake vinachukuliwa na mwingine wiki hiyo hiyo, na wateja wake wa Tabora na Shinyanga wanahamia huko. Mwalimu wa shule ya msingi Uvinza anahitaji ruhusa ya masomo, nayo haiji kwa kuitaka tu. Mama mwenye mtoto wa miezi minne ndiyo usiseme. Watu hawa wote wakisoma kwa simu hawapotezi kazi, biashara wala mtoto.

Kuna faida nyingine ambayo watu hawaitaji sana. Unaweza kumrudisha mhadhiri nyuma mara tano bila kumkera. Darasani, ukishaachwa kwenye dakika ya kumi, dakika hamsini zilizobaki unaandika tu kwa adabu. Na wale wenzangu tunaoona haya kunyoosha mkono mbele ya watu mia mbili, kwenye maandishi tunauliza.

Sasa upande wa pili wa sarafu. Mwaka 2011 walimu wawili huko Marekani, Sebastian Thrun na Peter Norvig, waliweka kozi yao ya Stanford ya akili bandia mtandaoni, bure. Walijiandikisha watu wapatao 160,000. Waliofika mwisho walikuwa kama 23,000, na hiyo ilihesabiwa kuwa mafanikio makubwa. Mwaka 2019 watafiti Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha katika jarida la Science hesabu ya kozi za wazi za Harvard na MIT: mwaka wa masomo 2017-18, kati ya waliojiandikisha, waliomaliza walikuwa asilimia 3.13. Lakini wale waliokuwa wamelipia cheti, karibu nusu walimaliza. Kozi ni ile ile na video ni zile zile. Tofauti ni kwamba mmoja ana hela yake mle ndani.

Ukiwauliza watu wa hapa, jibu la kwanza ni bando. Na si uongo. Video ya ubora wa kawaida inaweza kumeza MB 300 na zaidi kwa saa. Mwenye masomo manne, kila moja saa mbili kwa wiki, anakaribia GB 10 kwa mwezi kabla hajafungua kitu kingine chochote, na umeme ukikatika anatafuta pa kuchajia. Lakini mhadhara huo huo ukiurekodi kwa sauti tu, kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde, hauzidi MB 30 kwa saa. Yaani mihadhara ya wiki nzima kwa sauti ni myepesi kuliko saa moja ya video. Sijui kwa nini vyuo vingi havitoi sauti na vitini tu, vikaacha video kwa pale penye kitu cha kuonyesha. Uso wa mhadhiri hauhesabiwi kwenye mtihani.

Hata hivyo bando haliwezi kuwa jibu lote. Wale 160,000 wa Stanford, wengi wao hawakuwa na shida ya MB, na bado wakaanguka njiani kama maembe.

Nadhani sababu yenyewe iko kwenye vile vitu ambavyo chuo cha kawaida tunaviita kero. Mwenzako wa chumba anayewasha taa saa kumi alfajiri kupiga msuli, nawe unaona aibu kuendelea kulala. Mhadhiri anayepitisha karatasi ya mahudhurio. Diskasheni ambayo ukienda bila kusoma unaonekana. Baba anayepiga simu kuuliza matokeo kwa sababu aliuza ng'ombe. Mlo wa mchana na watu wanaolalamikia somo lile lile. Hakuna hata kimoja kilichoandikwa kwenye mtaala, ila ndivyo vinavyomsukuma mwanafunzi wa kawaida, asiye na nidhamu ya ajabu, mpaka siku ya mahafali. Chuo cha mtandaoni kinakupa masomo bila kero hizo. Kimekupunguzia gharama, na kwenye punguzo hilo hilo kimekuondolea fimbo.

Ndiyo maana kinawaumiza zaidi wale wanaohitaji kushikwa mkono. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Jimbo la San Jose, California, kilijaribu kufundisha hesabu za msingi kwa mtandao, na miongoni mwa waliowekwa humo walikuwemo waliokwisha kufeli hesabu hizo. Matokeo yalikuwa mabaya kiasi kwamba mradi ulioanza Januari ulisimamishwa Julai. Mwenye shahada moja tayari, anayeijua njia ya kusoma peke yake, huogelea. Aliyetoka kidato cha sita jana hutapatapa.

Kwetu kuna jambo la ziada, na hapa narudi kwenye lile sanduku la stesheni. Aliyekwenda Dar, watu husema "yuko chuo". Aliyekaa sebuleni na simu, watu husema "yupo tu". Maneno mawili hayo yana nguvu kuliko mtaala mzima. Aliye chuo haitwi kwenye kikao cha harusi. Aliye chuo, msiba ukitokea Mwandiga, anatumiwa ujumbe na anasamehewa. Lakini anayeonekana ameinamia simu mchana kutwa anatumwa sokoni na kwenye mashine ya kusaga, anaachiwa watoto wa dada yake, na jioni anaambiwa hizo simu zitamharibu macho.

Nasema kwa kuumwa. Mimi nimeshaacha kozi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya takwimu, na nilikwenda vizuri wiki mbili. Wiki ya tatu ukoo ukanichagua mtunza hazina wa harusi ya binamu yangu, kwa sababu, nanukuu, "wewe si upo tu nyumbani". Niliporudi kwenye takwimu, wenzangu walikuwa mbele mada nne. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Ilikuja barua pepe iliyoandikwa na kompyuta ikisema wamenikumbuka. Kompyuta! Ya pili madarasa yake yalikuwa mubashara kutoka New York saa moja jioni ya kwao, ambayo hapa Kigoma ni saa nane au saa tisa usiku kutegemea msimu wao. Nilihudhuria mara tatu, ya tatu nikiwa nimelala kipaza sauti kikiwa wazi. Sitaki kuieleza zaidi.

Yapo pia masomo ambayo huwezi kuyamaliza kwa kioo hata ungekuwa na nidhamu ya mtawa. Muuguzi lazima atafute mshipa kwenye mkono wa mtu. Mwanafunzi wa kemia lazima aunguze kitu. Mwalimu lazima asimame mbele ya watoto sitini wa darasa la tatu waone kama anaogopa. Haya yataendelea kudai mtu asafiri, na ni sawa.

Na wapo matapeli. Mei 2015 gazeti la The New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistani, iliyokuwa inauza shahada za vyuo vikuu ambavyo havikuwepo isipokuwa kwenye tovuti. Kwa hiyo ukitumiwa tangazo la shahada ya uzamili ya miezi mitatu isiyo na mtihani, kabla hujatoa hela waulize Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ambayo ndiyo yenye kazi ya kutathmini na kutambua tuzo za vyuo vya nje. Kuuliza baada ya kulipa ni kujua tu kiasi ulichoibiwa.

Dada wa Kibirizi naye alikaribia kuacha. Mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei, alidhani amepata bahati: dagaa hakuna, muda tele. Ndiyo mitihani aliyokula sapu mbili, yaani masomo mawili ya kurudia mtihani. Hela ya bando ilikauka, lakini anasema hilo silo lililomponza. Lililomponza ni kwamba alikuwa yupo tu. Siku nzima aliitwa huku na kule, na jioni akawa amechoka kuliko siku za kazi.

Ziwa lilipofunguliwa akapanga upya. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazifui dafu na mitumbwi hupumzika. Basi kalenda yake ya masomo sasa inafuata mwezi. Siku za giza anasikiliza mihadhara kwa sauti akianika. Zikija siku za mbalamwezi anakutana na wale wenzake wa bajaji mbili, kwenye baraza ya mmoja wao kule Mwanga, na anayekuja bila kufanya asainimenti analipa faini ya kilo moja ya dagaa. Dagaa wakavu, wa daraja la kwanza, amesisitiza.

Siku hizo haondoki nyumbani kimyakimya. Anaoga, anavaa viatu vya kufunika, anabeba mkoba wenye madaftari ambayo mengine hayafungui, na anaaga kwa sauti kwamba anakwenda chuo. Bajaji inamchukua mlangoni, majirani wanaona. Jumamosi iliyopita nilipita kwao kuulizia dagaa. Mama yake alikuwa kibarazani anachambua maharage. Nikamwamkia, nikauliza kama bintiye yupo.

"Hayupo, baba," akanijibu. "Yuko chuo."