Roma kwa wawili wenye mabegi ya mgongoni: yanayosemwa na ukweli wake

Safari ya bei nafuu kwenda Roma huharibiwa zaidi na habari za kusikia kuliko uhaba wa pesa. Na wawili wanaosafiri pamoja wana hesabu yao: gharama nyingine huzidishwa mara mbili, nyingine hugawanywa, na asiyejua ipi ni ipi hulipa zaidi. Yafuatayo ndiyo yanayosemwa sana.

"Wanandoa huomba viza moja"

Hapana. Kila pasipoti ina fomu yake, alama zake za vidole na ada yake. Tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen, ile moja inayotumika Italia na nchi nyingi za Ulaya, kwa mtu mzima ni euro 90, kwa hiyo wawili ni 180, na mkinyimwa pesa hairudi. Kituo kinachopokea maombi huongeza gharama yake ya huduma juu ya hapo. Bima ya safari lazima imhusu kila mmoja na ifikie angalau euro 30,000 za matibabu. Cheti cha ndoa kina kazi yake pale mmoja anapomgharamia mwenzake, maana ndicho kinachounganisha taarifa za benki za huyu na maombi ya yule. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Msingoje hizo siku 15: karatasi moja ikipungua, muda umekwisha.

Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anayeishi London naye anahitaji viza hiyo, kwa sababu kibali cha Uingereza hakimwingizi mtu Italia. Aliye na kibali cha ukaaji cha Ujerumani au Ufaransa haombi kwa safari fupi.

"Bila mamilioni benki, Italia hawawapi"

Italia ina jedwali rasmi la tarehe 1 Machi 2000 linalotaja kiasi ambacho mgeni anapaswa kuwa nacho, na jedwali hilo lina safu mbili: ya msafiri wa peke yake na ya wanaosafiri wawili au zaidi. Kwa siku 1 hadi 5, wa peke yake aonyeshe euro 269.60, wakiwa wawili, kila mmoja aonyeshe 212.81. Kwa siku 6 hadi 10, wa peke yake ni euro 44.93 kwa siku, na kila mmoja wa wawili ni 26.33. Wiki moja basi ni euro 184.31 kwa kila mmoja, yaani 368.62 kwa wote wawili, ilhali wa peke yake anatakiwa kuwa na 314.51. Hapa kusafiri pamoja kunawapa nafuu ya kweli.

Hicho ni kima cha chini tu. Kinachowaangusha wengi si udogo wa salio, ni pesa iliyoingia kwa mkupuo siku chache kabla ya kuomba, bila maelezo. Ofisa anataka kuona mshahara au mauzo yakiingia na kutoka kwa miezi kadhaa, na salio linalolingana na safari mliyoiandika. Tiketi ya ndege msiilipe kabla ya viza kutoka. Pelekeni nafasi iliyohifadhiwa, na hoteli inayoruhusu kufuta bila kukatwa.

"Begi likikaa mgongoni, litaingia ndegeni bure"

Wengi hutua kwanza Paris, Milano au Brussels kwa ndege kubwa, kisha humalizia kwa shirika la bei ya chini. Ryanair huruhusu bure begi la sentimita 40 × 30 × 20, easyJet 45 × 36 × 20. Pigeni hesabu: 40 × 30 × 20 ni lita 24. Begi la kupanda milima la lita 40 likijaa huwa na urefu wa sentimita 50 na zaidi, na likikwama kwenye kipimo pale mlangoni, mtatozwa bei kubwa kuliko mngelipia mapema mtandaoni. Njia ya wawili ni kununua nafasi moja ya begi kubwa kwenye buti ya ndege, wote mkalitumia, na kila mmoja akabeba dogo lake la lita 20 na kitu.

Kuna jambo jingine ambalo wenye pasipoti zetu hulijua wakiwa wamechelewa. Ryanair humtaka abiria asiye raia wa Ulaya apitie kaunta yao kukaguliwa viza na pasipoti kabla ya kwenda kwenye ukaguzi wa usalama, hata kama hana begi la kupeleka. Mkifika mlango wa ndege bila ukaguzi huo, mnaweza kurudishwa. Tengeni muda wake, kwa sababu foleni hiyo ni ileile ya wenye mizigo.

"Treni ya Leonardo Express ndiyo njia ya kutoka Fiumicino"

Ni njia mojawapo tu ya kutoka uwanja wa ndege wa Fiumicino, na kwa wawili ni ghali. Inafika Termini, stesheni kuu ya Roma, kwa dakika 32, euro 14 kila mmoja, yaani 28. Kwenye stesheni hiyohiyo ya uwanja wa ndege kuna treni ya FL1 kwa euro 8, inayosimama Trastevere, Ostiense na Tiburtina. Ukishuka Ostiense, kituo cha metro cha Piramide, laini B, kiko jirani. Kwa tiketi ya euro 1.50 mtafika Termini. Jumla kwa wawili ni euro 19. Mabasi ya kwenda Termini hucheza kwenye euro 6 hadi 7 kwa mtu, ila foleni za barabarani zikiwashika, saa nzima itaisha. Tiketi ya treni ya karatasi hupigwa muhuri kwenye mashine ndogo iliyo jukwaani kabla ya kupanda. Tiketi iliyolipiwa lakini haina muhuri inaweza kuwapiga faini.

Mjini, tiketi hiyo ya euro 1.50 hudumu dakika 100 tangu muhuri: mabasi na tramu mtabadilisha mtakavyo, lakini metro ni safari moja tu. Haitumiki kwenye treni ya Fiumicino. Lakini inafika Ostia Antica, magofu ya bandari ya Roma ya kale, kwa treni ya Metromare inayoanzia Porta San Paolo, pale pale Piramide. Wachache wanalijua hilo.

"Kitanda cha hosteli ndicho rahisi kuliko vyote"

Kwa mtu mmoja, ndiyo. Kwa wawili mnalipia vitanda viwili, na ukijumlisha, mara nyingi mnakaribia bei ya chumba cha watu wawili chenye mlango wa kufunga. Linganisheni jumla ya usiku kwa wawili, siyo bei ya kitanda.

Halafu kuna kodi ya wageni ya manispaa, ambayo mara nyingi haimo kwenye bei mliyoiona mtandaoni na hulipwa mapokezi. Huhesabiwa kwa kila mtu kwa kila usiku, hadi usiku 10. Tangu Oktoba 2023 hosteli ni euro 3.50 na hoteli ya nyota tatu ni 6. Usiku 6 kwa wawili: hosteli 42, nyota tatu 72. Pesa hiyo ni milo kadhaa.

Wengi huzipita nyumba za wageni za watawa, zinazoitwa *case per ferie*. Ziko nyingi Roma, zingine hatua chache kutoka Vatikani. Ni safi, tulivu, bei yake ni ya wastani. Masharti yake myajue mapema: vitanda mara nyingi ni viwili vya mtu mmojammoja, na baadhi hufunga lango saa 5 usiku.

Mkichukua nyumba ya kupanga, tafuteni kwenye tangazo namba ya CIN, yaani namba ya utambulisho ya kitaifa ya malazi. Tangu Januari 2025 kila nyumba ya wageni Italia inapaswa kuwa nayo na kuionyesha. Tangazo lisilo na namba hiyo, liacheni.

"Kila kitu Roma ni kiingilio"

Koloseo ni euro 18, pamoja na magofu ya Foro na kilima cha Palatino. Tiketi hutolewa mtandaoni siku 30 kabla, zina majina, na mlangoni mtaombwa pasipoti. Panteoni ni euro 5 tangu Julai 2023. Jumapili ya kwanza ya mwezi yote hayo ni bure, lakini ya Koloseo hamwezi kuihifadhi mtandaoni, mnapanga foleni. Makumbusho ya Vatikani yana siku yake tofauti: Jumapili ya mwisho ya mwezi, kuingia ni kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 6 na nusu. Siku nyingine ni euro 20, na mkihifadhi mtandaoni mnaongeza 5. Kama mna siku chache, lipieni Vatikani siku ya kawaida. Asubuhi nzima kwenye foleni nayo ni gharama.

Makanisa ndiyo utajiri wenyewe, na hayadai kiingilio. San Luigi dei Francesi ina picha tatu za mchoraji Caravaggio, Santa Maria del Popolo ina mbili, Sant'Agostino ina moja. San Pietro in Vincoli ipo sanamu ya Musa ya Michelangelo, ya marmar. Basilika la Mtakatifu Petro lenyewe ni bure. Wekeni sarafu mfukoni: kwenye kanisa dogo la pembeni lenye Caravaggio huwa giza, mnatumbukiza sarafu kwenye kisanduku ukutani, taa inawaka kwa muda mfupi, kisha inazima. Mengi hufungwa mchana hadi alasiri. Mabega na magoti yafunikwe, mume kwa mke. Kanga moja ndani ya begi inatosha.

"Maji ya bomba la mtaani si ya kunywa"

Ni ya kunywa. Roma ina mabomba ya chuma zaidi ya 2,000 barabarani, yanayotiririka mchana na usiku, maji yaleyale yanayoingia majumbani. Zibeni mdomo wa bomba kwa kidole, maji yataruka juu kupitia tundu lililo mgongoni mwake, mnywe bila kuinama. Chupa moja kwa kila mtu, hamnunui maji tena.

Kahawa inyweni mkiwa mmesimama kaunta. Meza ina bei nyingine, wakati mwingine mara mbili na zaidi, na zote mbili huandikwa ukutani: *banco* na *tavolo*. Pizza ya kukata huuzwa kwa uzito. Onyesheni kwa mkono ukubwa mnaotaka kabla kisu hakijashuka. Bei ya *etto* ni ya gramu 100, siyo ya kipande. Kwa wasiokula nguruwe: tambi za carbonara na amatriciana hupikwa kwa *guanciale*, nyama ya shavu la nguruwe, hata menyu isiposema.

Mnaopata jiko kwenye malazi, nendeni soko la Esquilino karibu na Piazza Vittorio, mwendo mfupi kutoka Termini. Kuna mabucha ya halali, mchele, bamia, mihogo, ndizi za kupika na pilipili za kweli. Ni soko la asubuhi, na Jumapili hufungwa.

"Kupumzika kwenye ngazi ni bure"

Si kwenye Ngazi za Uhispania. Tangu 2019 kukaa pale kuna faini ya euro 250, na inaweza kufika 400.

"Mashine ikiuliza, chagua shilingi"

Mashine ya ATM ikiwapa bei kwa shilingi, imeweka kiwango chake cha kubadilishia, na ni kibaya kuliko cha benki yenu. Kataeni, chagueni euro. Mashine za kwenye kuta za benki zina nafuu kuliko zile zilizosimama peke yake nje ya maduka ya watalii, na kutoa mara moja kiasi cha siku kadhaa kwa kadi ya mmoja wenu hupunguza makato kuliko kila mmoja kutoa kidogokidogo kwa kadi yake.