Seli haina kipimajoto: dhana potofu kuhusu HSF1

Zikitajwa protini za mshtuko wa joto, zile zinazozilinda protini nyingine za seli, na HSF1, protini inayoziamuru zitengenezwe, wengi hufikiria kikosi cha zimamoto: moto ukiwaka kinatoka, ukizimika kinarudi kulala. Picha inapendeza, ila inapotosha.

Dhana: HSF1 ndiyo inayokarabati protini zilizoharibika.

Hapana. HSF1 ni swichi tu, kazi yake kuwasha jeni. Wakarabati ni wengine, protini za mshtuko wa joto zinazoitwa walezi kwa kuwa husaidia protini nyingine zijikunje ipasavyo: Hsp70, Hsp90 na wenzao, ambao namba zao zinatokana na uzito wao kwa kilodaltoni, kipimo cha uzito wa molekuli. Nao hawalali. Hata seli ikiwa imetulia, Hsp90 peke yake hufikia asilimia 1 hadi 2 ya protini zake zote.

Dhana: HSF1 hutengenezwa joto linapopanda.

Ingekuwa hivyo, seli ingekuwa imeshachelewa. HSF1 ipo muda wote, moja moja, imeshikwa na walezi haohao, Hsp70 na Hsp90. Seli ya binadamu iliyozoea nyuzi 37 ikifikishwa 42, protini nyingi huanza kufunuka, na sehemu zake zenye kunata, ambazo kwa kawaida hufichwa ndani, hujitokeza nje. Walezi hukimbilia huko. HSF1 ikabaki bila wa kuizuia, tatu zikaungana, zikang'ang'ania DNA pale herufi GAA na TTC zinapopokezana, na ndani ya dakika chache jeni ya Hsp70 inasomwa kwa kasi.

Kinachonifurahisha zaidi ni namna mfumo huu unavyojizima. Hsp70 mpya zikizidi kazi iliyopo, zile zilizobaki bila kazi huikamata tena HSF1. Kwa hiyo, ingawa joto lenyewe linaweza kuisukuma HSF1 moja kwa moja, swali kubwa ambalo seli hujiuliza ni hili: walezi wangapi wako huru?

Dhana: bila joto hakuna mwitikio.

Lawama ni ya jina. Mwaka 1962, Ferruccio Ritossa wa Italia alichapisha alichokiona kwenye kromosomu za tezi za mate za nzi wa matunda: inkubeta ilikuwa imepandishwa joto, na mivimbe, dalili ya jeni zinazosomwa kwa kasi, ikajitokeza mahali isipotarajiwa. Jina likatokana na hapo. Lakini Ritossa huyohuyo alipata mivimbe hiyo kwa dinitrofenoli, kemikali inayovuruga utengenezaji wa ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, bila kupandisha joto hata kidogo. Metali nzito na pombe nazo huwasha mwitikio huohuo, maana nazo huvuruga mikunjo ya protini.

Dhana: HSF1 ikifanya kazi zaidi, afya inazidi.

Dhana hii ina chembe ya ukweli, ndiyo maana haifi. Minyoo midogo ya maabara iliyoongezewa HSF1 huishi muda mrefu kuliko kawaida. Tatizo ni kwamba seli ya saratani nayo imejaa protini zilizojikunja vibaya, na inawahitaji walezi kuliko seli jirani yake. Panya walioondolewa jeni ya HSF1 hawapati uvimbe wa saratani kwa urahisi kama wenzao. Ndiyo maana wapo watafiti wanaohangaika kutafuta dawa ya kuizima swichi hii, wakati wengine, wanaoshughulikia magonjwa ya protini kurundikana kwenye ubongo, wanatafuta namna ya kuiwasha.