Kupaka upya tapeti kava ya alumini kwa mkono

Tapeti kava, kile kifuniko cha juu kabisa cha injini, ni rahisi kufungua: bolti chache, koili au waya za plagi, mpira wa hewa, imetoka. Ndiyo maana wengi huanzia hapo wanapotaka injini iliyochakaa ipendeze. Lakini chini yake kuna kamshafti, shafti inayofungua valvu, na chembe yoyote ya msasa itakayobaki ndani itaishia kwenye oili. Upande usioonekana ndio utakaokula muda wako mwingi.

Anza kwa kujua imetengenezwa kwa kitu gani. Sumaku ikinasa, hilo ni bati la chuma. Isiponasa, kwangua sehemu ndogo upande wa ndani mpaka metali tupu ionekane, kisha dondoshea tone la siki. Alumini hutulia. Magnesiamu hutoa mapovu papo hapo, na hiyo usiendelee nayo kwa njia hii, maana vumbi lake hushika moto. Kava za plastiki tuziache kabisa.

Ng'oa kila kilicho cha mpira: gasketi, sila za mashimo ya plagi, o-ringi. Toa pia valvu ya PCV, ile inayopitisha moshi wa ndani ya injini, na kifuniko cha oili. Sasa igeuze. Utaona bamba jembamba lililofunika chumba ambamo moshi wa injini hupita na kuachana na oili kabla ya kuvutwa kwenye njia ya hewa ya injini. Likiwa limefungwa kwa skrubu, lifungue. Likiwa na ribiti, liache, ila ziba matundu yake kwa tepu kabla msasa haujaanza kazi. Kava yenye bamba la ribiti usiipeleke kupigwa mchanga hata ukiambiwa itaoshwa vizuri. Mchanga hujificha mle, na haushuki wakati wa kuosha. Hushuka baadaye, oili ya moto ikiulainisha uchafu ulioushika.

Kuosha kuna hatua tatu na mpangilio wake una maana. Dizeli au mafuta ya taa kwanza, kwa brashi ya nailoni, mpaka tope jeusi liyeyuke. Halafu maji ya moto na sabuni ya vyombo, kuondoa hiyo dizeli. Mwisho thina kwa kitambaa safi. Chumba chenye ribiti kijaze dizeli, tikisa, mwaga, rudia mpaka inayotoka iwe safi kama iliyoingia. Kostiki soda isikaribie kava hii, wala dawa ya kusafishia oveni, kwani nyingi zina kostiki hiyohiyo: huila alumini, huigeuza nyeusi na kuiachia vishimo ambavyo msasa hauwezi kuvifuta. Rangi ya zamani itoe kwa dawa ya jeli ya kutolea rangi, ukiwa na glavu na mahali penye hewa, kisha suuza sana kwenye kona.

Kwenye msasa watu huharakisha. Namba 120 ni kwa mikwaruzo yenye kina tu. Kama hakuna mikwaruzo hiyo, anza na 180, umalizie 240. Kila namba isuguliwe kwa mwelekeo unaokata ule wa kabla yake, na usibadilishe mpaka mistari ya namba iliyotangulia iishe yote. Pa tambarare, zungushia msasa kwenye kipande cha mbao. Kidole hutengeneza mabonde ambayo rangi ya kung'aa itayatangaza. Kwa rangi, 240 inatosha. Ukipita hapo uso unakuwa laini mno na praima inakosa pa kushika. Anayetaka kioo badala ya rangi aendelee 400, 600, 800 mpaka 1000 kwa maji, kisha dawa ya kung'arishia metali. Mimi siipendekezi: alumini tupu hufifia na kushika alama za vidole, na kazi hairudishi jasho lake.

Uso wa gasketi ni habari nyingine. Usiuguse kwa brashi ya waya ya mashine. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu yake, jaribu kupitisha chini yake fila geji (kibamba chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.1, katikati na kwenye kona. Ikipita, bandika msasa wa 320 juu ya kioo kinene, telezesha kava juu yake kwa mizunguko ya namba 8, bila kukandamiza, mpaka uso wote uwe umeguswa. Kujipinda huko mara nyingi huletwa na bolti zilizokazwa kupita kiasi.

Rangi ikibanduka baada ya miezi michache, mara nyingi chanzo ni oili iliyozama kwenye vinyweleo vya alumini ya kumimina. Thina haiifikii. Thina ikishakauka kabisa, ipashe kava nyuzi 100 za Selsiasi kwa saa moja, kwenye oveni isiyopikia chakula. Ikitoka utaona vijasho vya oili vimejitokeza, hasa kuzunguka mashimo ya bolti. Futa kwa thina, iache ikauke, pasha tena. Isipotoa jasho, iko tayari.

Funika kwa tepu uso wa gasketi, mfereji wake na pale washa zinapokalia. Rangi iliyo chini ya washa hupondeka, na bolti inalegea. Pitisha 240 haraka haraka, futa, kisha piga praima ya alumini saa hiyohiyo, kwa sababu metali tupu hujifunika oksaidi upya bila kuchelewa. Rangi iwe enameli ya injini. Rangi ya ekzosi inayojisifu kwa nyuzi 600 ni mtego: nyingi hukomaa kwa joto ambalo kava hailifikii kamwe, hivyo hubaki laini na oili ikimwagika inazivua. Piga tabaka tatu nyembamba, kisha fuata kopo kuhusu kukausha.

Maandishi yaliyoinuka yapake pamoja na kava yote. Rangi ikikauka, pitisha msasa wa 320 uliozungushiwa kibao kigumu, kwa mkono mwepesi: vilele vitarudi kuwa alumini, chini kutabaki rangi.

Kabla ya kufunga, pitisha kitambaa cheupe ndani, kikitoka kijivu osha tena. Weka gasketi mpya, na tone la silikoni pale kava ya taimingi (kifuniko cha mbele cha mnyororo au mkanda wa injini) inapokutana na hedi, sehemu ya injini ambayo tapeti kava hukaa juu yake. Kaza kuanzia katikati kuelekea pembeni, kwa awamu mbili. Bolti za M6 hapa kwa kawaida hutaka Nm 8 hadi 10, ila kitabu cha injini yako ndicho kinachosema la mwisho. Silikoni ikishakomaa, washa injini, iache ipate moto, halafu pitisha kidole nyuma, kona ya upande wa ukuta unaotenganisha injini na kabini. Uvujaji huanzia huko.