Kim Clijsters: Yasemwayo na Yaliyotokea Uwanjani

Ukimtaja Kim Clijsters mbele ya watu wanaofuatilia tenisi, utasimuliwa hadithi fupi: dada mpole wa Kibelgiji, akashindwa fainali nyingi, akaolewa, akazaa, akarudi akabahatika. Kila kipande cha hadithi hiyo kimeshika ukweli nusu, na ukweli nusu ni mgumu kuung'oa kuliko uongo mtupu. Nimebishana juu yake mara nyingi, na hoja zinazoletwa ni zilezile. Nizichukue moja moja, zile nzito nikae nazo, nyepesi nizipitie haraka.

Dhana: Alikuwa namba moja wa dunia ilhali hajashinda kitu kikubwa

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu imejengwa juu ya jambo lililotokea kweli. Tarehe 11 Agosti 2003, Clijsters akiwa na miaka 20, alishika namba moja ya dunia katika singo, yaani mchezo wa mmoja kwa mmoja. Alikuwa mwanamke wa kwanza kufika hapo bila kuwa na taji hata moja la singo la Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya mwaka: Melbourne (Australian Open), Paris, Wimbledon na New York (US Open). Wengi wakasema hesabu ya orodha ina kasoro.

Orodha ya ubora haimuulizi mtu kama ana taji fulani. Inajumlisha pointi alizovuna katika wiki 52 zilizopita, kwa hiyo anayefika mbali karibu kila wiki humpita anayeng'aa mara mbili kwa mwaka na kupotea. Mwaka 2003 Clijsters alicheza mechi zaidi ya 100 za singo, akatwaa mataji tisa, na katika Grand Slam zote nne hakuishia chini ya nusu fainali. Huko Melbourne, kwenye nusu fainali dhidi ya Serena Williams, aliongoza gemu 5 kwa 1 katika seti ya tatu, akibakiza gemu moja tu kushinda, kabla mechi haijamponyoka. Aidha mwishoni mwa 2002 alikuwa amemfunga Serena huyohuyo katika fainali ya mashindano ya kufunga msimu, mwaka ambao Serena alikuwa amebeba Grand Slam tatu. Kompyuta haikukosea.

Halafu hiyo kauli kwamba hajashinda kitu kikubwa. Kufikia Agosti 2003 alikuwa na mataji mawili ya Grand Slam kabatini. Alishinda Paris, kisha Wimbledon, wiki chache tu kati ya moja na jingine. Watu hawayahesabu kwa sababu aliyashinda katika dabo, yaani mchezo wa wawili kwa wawili, akishirikiana na Mjapani Ai Sugiyama. Tarehe 4 Agosti alikuwa ameshakuwa namba moja wa dabo, wiki moja kabla ya kuwa namba moja wa singo. Waliowahi kuzishika namba zote mbili kwa wakati mmoja ni wachache mno katika historia ya mchezo huu. Anayesema msichana huyu alifika kileleni mikono mitupu, basi amefunga jicho moja.

Dhana: Dabo ni kimbilio la walioshindwa singo

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo ilipo mizizi ya dhana ya kwanza.

Kiwanja cha singo kina upana wa mita 8.23. Cha dabo kinapanuka hadi mita 10.97, kwa kuongeza zile njia mbili za pembeni. Mtu ambaye hajawahi kucheza hudhani kwamba upana ukiongezeka na wachezaji wakawa wawili kila upande, kazi inapungua. Ukweli ni kwamba kazi inabadilika. Anayerudisha sevu, yaani pigo la kuanzisha pointi, katika singo anaweza kuurudisha mpira katikati ya kiwanja, juu juu, akajipa muda wa kujipanga. Katika dabo kuna mtu amesimama karibu na wavu, raketi juu, akiusubiri mpira wa namna hiyo auzime kabla haujadunda. Kwa hiyo ni lazima uurudishe chini, kwa pembe, na upesi. Mikono inajifunza kuamua kabla kichwa hakijamaliza kufikiri.

Mtazame Clijsters wa miaka ile akicheza singo, utaiona shule hiyo. Alikuwa akirudisha sevu kwa namna iliyomnyima mpinzani pumzi. Ile sifa yake nyingine, ya kufika mipira ya pembeni kabisa huku amepiga msamba juu ya uwanja mgumu, watu waliichukua kuwa alama ya mchezaji wa kujilinda tu. Naona wanakosea. Alipiga msamba ili auwahi mpira aupige kwa nguvu na kumgeuzia mpinzani kibao, na pigo lililofuata mara nyingi lilikuwa la kumaliza. Wepesi huo wa viungo hauhitaji maelezo marefu: mama yake alikuwa mwanajimnastiki, na baba yake, Lei Clijsters, alikuwa beki wa timu ya taifa ya Ubelgiji aliyetwaa Kombe la Washindi barani Ulaya mwaka 1988 akiwa na KV Mechelen.

Turudi kwenye dabo. Fainali ya Paris ya 2003 ilikuwa dhidi ya Virginia Ruano Pascual wa Hispania na Paola Suárez wa Argentina, jozi iliyokuwa ikitisha kuliko zote wakati ule. Clijsters na Sugiyama walipoteza seti ya kwanza, wakashinda ya pili, na ya tatu ikaenda hadi 9 kwa 7. Mwezi uliofuata wakakutana nao tena kwenye nyasi za Wimbledon, wakawafunga seti mbili kavu. Watu waliokimbilia dabo kwa kukosa la kufanya hawawafungi mabingwa mara mbili mfululizo, katika viwanja viwili visivyofanana.

Ajabu yake, Wimbledon hakuwahi kufika fainali ya singo. Alikomea nusu fainali mara mbili, 2003 na 2006. Kwa hiyo anayesoma singo peke yake ataamini Clijsters hakuacha alama yoyote pale, na jina lake limeandikwa kwenye orodha ya mabingwa wa pale. Dabo ilikuwa pia mambo ya nyumbani kwao: mdogo wake, Elke, alishinda dabo ya wasichana Wimbledon mwaka 2002. Na Elise Mertens, ambaye amekuwa namba moja wa dunia wa dabo na kutwaa mataji kadhaa ya Grand Slam, alifanya mazoezi katika kituo cha Clijsters kilichoko Bree.

Dhana: Ni Mbelgiji, kwa hiyo anasema Kifaransa

Kwa wasomaji wa Bukavu, Lubumbashi au Bujumbura hii inaeleweka ilikotoka, kwani Mbelgiji wa enzi za ukoloni alikuja na Kifaransa ofisini na shuleni. Lakini Clijsters alizaliwa Bilzen, jimbo la Limburg, upande wa Waflemi, na lugha ya kwao ni Kiholanzi. Mpinzani wake mkubwa, Justine Henin, alizaliwa Liège, upande wa wanaosema Kifaransa. Nchi moja ndogo, lugha mbili kubwa, na wachezaji wawili bora wa dunia kwa wakati mmoja, kila mmoja akitoka upande wake.

Dhana: Henin alikuwa akimfunga kila wanapokutana

Fainali zao tatu za Grand Slam zilikwenda kwa Henin: Paris 2003, New York 2003 na Melbourne 2004. Hizo ndizo zilizokaa kwenye kumbukumbu, na ile ya Paris, iliyoanza kwa seti ya 6 kwa 0, iliuma. Ila hesabu nzima ya mechi zao 25 ni Clijsters 13, Henin 12. Nusu fainali ya Paris mwaka 2001, Henin akiwa ameshatwaa seti ya kwanza na kuongoza ya pili, ni Clijsters aliyegeuza mechi na kushinda. Mwaka huohuo walisimama upande mmoja na kuipa Ubelgiji Kombe la Fed, kombe la timu za taifa za wanawake, kule Madrid.

Kutokana na fainali zile, watu wakatunga jambo jingine, kwamba alikuwa mpole mno hata akakosa roho ya kushinda. Wapinzani wake walimpenda kweli, na tuzo ya uanamichezo ilikuja kwake mara nyingi. Lakini mtazame kwenye fainali ya Paris ya 2001 dhidi ya Jennifer Capriati. Alikuwa ametimiza miaka 18 siku moja kabla. Alipoteza seti ya tatu kwa 12 kwa 10. Mtu asiye na roho hafikishi gemu ya ishirini na mbili. Vilevile mwaka 2004 alifanyiwa upasuaji wa kifundo cha mkono wa kushoto, ule unaobeba nusu ya pigo lake la mikono miwili, akaporomoka nje ya 100 bora. Mwaka uliofuata alishinda Indian Wells na Miami mfululizo, na Septemba akambwaga Mary Pierce akachukua US Open, taji lake la kwanza la singo la Grand Slam.

Dhana: Uzazi ulimkatia kazi

Aliacha tenisi Mei 2007, mwili umechoka na majeraha. Akaolewa na Brian Lynch, mchezaji wa mpira wa kikapu kutoka Marekani, na Februari 2008 akamzaa Jada. Januari 2009 baba yake akafariki kwa saratani. Agosti mwaka huohuo akarudi uwanjani.

Ana mataji manne ya singo ya Grand Slam. Matatu kati ya hayo aliyapata baada ya kuzaa: US Open 2009, US Open 2010, Australian Open 2011. Kisha tarehe 14 Februari 2011 akarudi namba moja wa dunia, mama wa kwanza kufanya hivyo tangu orodha ya kompyuta ianze mwaka 1975. Sehemu ya kazi yake ambayo watu huiita nyongeza ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa.

Nalisisitiza hili kwa sababu binti anayecheza mchezo wowote, popote alipo, bado huambiwa achague. Na Clijsters hakurudi kwa kutandikiwa zulia. Alipoondoka alijiondoa kabisa kwenye orodha, kwa hiyo aliporudi hakuwa na nafasi yoyote. Aliingia US Open kwa mwaliko wa waandaaji, akiwa amecheza mashindano mawili tu, Cincinnati na Toronto. Kanuni inayomruhusu mama kutumia nafasi yake ya zamani hadi miaka mitatu baada ya kujifungua ilianza msimu wa 2019, miaka kumi baadaye.

Wapo pia wanaozidisha upande wa pili, wakisema alikuwa mama wa kwanza kabisa kushinda Grand Slam. Hapana. Margaret Court alizishinda tatu mwaka 1973 akiwa ameshazaa, na Evonne Goolagong Cawley akashinda Wimbledon mwaka 1980. Tangu hapo zikapita miaka 29 hadi Clijsters.

Dhana: US Open 2009 alipewa na hasira za Serena

Watu wanaikumbuka nusu fainali kwa jinsi ilivyoishia: Serena aliadhibiwa pointi moja, na pointi hiyo ikamaliza mechi. Wanasahau yaliyotangulia. Clijsters alikuwa ameshashinda seti ya kwanza 6 kwa 4. Katika ya pili aliongoza 6 kwa 5, Serena akiwa kwenye sevu, 15 kwa 30, Clijsters akibakiza pointi mbili tu. Mwamuzi wa mstari akatoa uamuzi kwamba Serena amekanyaga mstari kwenye sevu ya pili, ikawa 15 kwa 40. Clijsters alikuwa na nafasi mbili za kumaliza mechi. Serena akamfokea mwamuzi, na kwa kuwa alishaonywa mapema kwa kuvunja raketi, kosa la pili likamgharimu pointi. Mtu anaweza kubishania uamuzi ule wa mstari, na hata mimi sipendi mechi kubwa iishe vile, lakini aliyekuwa akikaribia kushinda hana ubishi.

Kabla ya hapo alikuwa amemtoa Venus Williams kwa seti za 6-0, 0-6, 6-4, na Li Na katika robo fainali. Baada ya hapo akamfunga Caroline Wozniacki 7-5, 6-3 katika fainali. Hakuwa amepangiwa namba kati ya wachezaji wakubwa wa mashindano, na kabla yake hakuna mwanamke aliyewahi kutwaa US Open akiwa katika hali hiyo.

Kama bado ni bahati, tazama hesabu hii. Baada ya kufungwa na Henin fainali ya 2003, Clijsters hakupoteza mechi nyingine ya singo ya US Open hadi 2012. Miaka mingine hakucheza kwa sababu ya majeraha au kustaafu, lakini kila alipotokea kati ya 2005 na 2010 aliondoka na kombe. Mechi 22 mfululizo.

Dhana: Mechi yake ya mwisho ilikuwa ile dhidi ya Laura Robson

Mfululizo huo ulikatwa na Robson, Mwingereza wa miaka 18, kwa taibreka mbili (gemu ya kuamua seti iliyofika 6 kwa 6) katika raundi ya pili ya US Open 2012. Clijsters alikuwa ametangaza kwamba anaagia hapo, na habari nyingi zilifunga ukurasa siku hiyo.

Ukurasa haukufungwa, na haukufungwa mara mbili. Mwaka 2017 aliingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa Tenisi kule Newport, na mwaka 2020, akiwa mama wa watoto watatu, akarudi tena. Katika awamu hiyo ya tatu alicheza mechi tano za singo na kupoteza zote, ya kwanza ikiwa Dubai dhidi ya Garbiñe Muguruza, kisha Aprili 2022 akaaga moja kwa moja. Alibaki na mataji 41 ya singo na 11 ya dabo.

Hata New York ya 2012, baada ya kushikana mikono na Robson, bado alikuwa na kazi. Alirudi uwanjani kucheza dabo ya mchanganyiko, mwanamke na mwanamume kila upande, akiwa na Mmarekani Bob Bryan, wakatolewa na Ekaterina Makarova na Bruno Soares, ambao ndio waliokuja kutwaa taji. Ile ndiyo mechi aliyomalizia mwaka ule, akiwa na mwenzake upande wa pili wa kiwanja, kwenye mita zile 10.97.