Bonsai kwenye tokonoma: yanayosemwa mtandaoni na ukweli wenyewe

Kila mtu akipost picha ya bonsai, yani mti unaofanywa ubaki mdogo na kulelewa kwenye chungu, imekaa ndani ya chumba cha Kijapani, pale kwenye kile kisehemu kilichoingia ukutani kidogo na sakafu yake imeinuliwa, yani tokonoma, nyuma kuna picha ndefu inaning'inia, basi komenti zinaanza kumiminika na nusu yake sio kweli. Naipenda hii sanaa sana, naomba tuyanyooshe.

La kwanza na ndio linaua miti mingi: "Bonsai ni mti wa ndani, unakaa hapo hapo kwenye tokonoma mwaka mzima." Hapana jamani. Msonobari, junipa, momiji (maple ya Kijapani), hii yote ni miti ya nje, inataka jua na upepo, na huko Japani inataka pia ile baridi ya msimu wa baridi ili ipumzike. Kwenye tokonoma hakuna jua, mwanga unaingia kwa pembeni tu, hewa imetulia. Mti unaingizwa pale siku moja, mbili, labda tatu kwa sababu kuna mgeni au kuna sherehe, halafu unarudishwa nje kwenye benchi lake. Ile picha unayoiona wewe ni ya siku mbili katika maisha ya mti wenye umri wa miaka mia, sasa mtu anaiona anadhani ndio makazi yake, ananunua junipa anaiweka sebuleni karibu na tivii, na junipa ilivyo inaweza kubaki kijani wiki kadhaa wakati mizizi imeshakufa, kwahiyo akija kushtuka ni too late.

Na kabla haujaingizwa kuna kazi. Chungu kinasafishwa madoa ya chumvi ya maji na kupakwa mafuta kidogo, majani makavu yanaokotwa moja moja, juu ya udongo panatandazwa ule uoto mfupi wa kijani unaopenda unyevu, magugu yanang'olewa. Mti hauingii pale na matope ya bustanini.

"Weka mti katikati, picha katikati, mambo yamekaa sawa." Hapa ndipo watu wengi wanakwama, na kwangu mimi ndio utamu wote ulipo. Kwanza kila bonsai ina uso wake, upande mmoja ambao mtunzaji ameuchagua na kuulea miaka na miaka, na huo ndio unaomtazama mtu. Pili mti una mwelekeo, angalia shina linalalia wapi, tawi refu linanyooka kwenda wapi, ncha inatazama wapi. Kama unaelekea kushoto basi unawekwa upande wa kulia ili mbele yake kubaki nafasi wazi ya kuangalia, ukiubandika kushoto unakuwa kama umegonga uso ukutani. Halafu upande wa pili, chini, kinakaa kitu kidogo sana, mmea mdogo wa nyasi au ua la porini kwenye kisahani, au jiwe, kikiujibu ule mti. Mti, picha, na hicho kidogo, vitatu tu, vinafanya pembetatu isiyolingana pande zake. Sehemu kubwa inayobaki ni tupu na huo utupu haujasahaulika, umewekwa makusudi, ndio unafanya mti wa sentimita 60 uonekane uko peke yake juu ya mlima. Ukijaza vase, mshumaa na sanamu ya Budha umeua kila kitu.

"Picha ya nyuma ifanane na mti." Kinyume kabisa! Ukiweka msonobari mbele ya mchoro wa msonobari umesema neno moja mara mbili, na ule mti hai ndio unapungua nguvu. Mti wa maua hauwekwi na mchoro wa maua. Picha kazi yake ni kuleta kile ambacho mti hauwezi kukileta: mwezi, ndege anapita mbali, mlima, ukungu, maporomoko. Momiji lenye majani mekundu na nyuma mwezi wa vuli, yani msimu wa majani kupukutika, hapo umeshajua ni msimu gani na ni saa ngapi bila kuambiwa. Na vyote vitatu viwe msimu mmoja, ukiweka ume (plamu ya Kijapani) lililochanua mwishoni mwa baridi na chini yake nyasi za kiangazi, mtu anayejua ataona mara moja.

"Kile kimeza kinachowekwa chini ya chungu ni cha kuinulia tu." Kimeza kinachaguliwa kama nguo ya harusi. Msonobari mnene ulionyooka unapewa kizito chenye miguu imara, momiji laini linapewa chembamba chenye miguu iliyopinda, na ule mti unaoshuka chini kupita kitako cha chungu chake unahitaji kirefu, la sivyo tawi litagusa sakafu. Miti myembamba ya mtindo wa bunjin, yani shina refu lenye matawi machache, mara nyingi inakaa juu ya ubao bapa tu, na inatosha.

Rangi ya chungu nisikae nayo sana: misonobari na junipa kwa kawaida vyungu visivyong'arishwa vya rangi ya udongo, miti ya maua na matunda ndio inaruhusiwa rangi za kung'aa.

Kuna hili pia, "mgeni wa heshima anakalishwa aitazame tokonoma." Kimila mgeni mkubwa anakaa karibu nayo kuliko wote na mara nyingi ameipa mgongo. Anaitazama kwa utulivu akiingia, kisha anakaa. Mwenyeji hapangi ili ajisifie mbele ya macho ya mgeni muda wote, anampa sehemu bora ya chumba.

Wengine wanasema "sheria ni moja, ukikosea umekosea." Kuna ngazi tatu za urasmi, shin, gyo na so, kuanzia ya heshima kubwa mpaka ya kawaida kabisa, na jumba la makumbusho ya bonsai la Omiya, mjini Saitama, lililofunguliwa 2010, lina vyumba vya tokonoma vya ngazi zote tatu, unaona kwa macho jinsi mti uleule ungehitaji mbao na kimeza tofauti.

"Bila tokonoma huwezi." Unaweza. Kokufu-ten, maonyesho makubwa ya bonsai yanayofanyika Ueno, Tokyo tangu 1934, miti mingi sana inapangwa kwenye meza ndefu zenye ukuta mtupu nyuma, na hakuna anayelalamika. Kwahiyo na wewe wa Dar au Mombasa mwenye mbuyu wako kwenye chungu, unataka ukuta wazi, ubao safi, na kitu kimoja kidogo pembeni. Mbuyu unapukutisha majani kiangazi, basi uonyeshe hivyo hivyo na matawi matupu, pembeni weka nyasi zilizokauka, afu jioni urudishe nje juani.