Gumba la mcheza gemu

Mama aliingia kwanza. Nyuma yake kijana wa miaka 19, kifundo cha mkono wa kulia kimezungushiwa bandeji, na harufu ya dawa ya kuchua ikajaa chumba kizima. Kijana akaniamkia, nikamwitikia. Mama akaketi, akaweka mkoba mapajani.

"Dokta, huyu anasema ameumia kazini. Hebu muulize hiyo kazi ni ipi."

Kijana akaangalia sakafu. "Nacheza gemu, Dokta."

Nikamfungua bandeji. Nikamwambia alaze gumba ndani ya kiganja, alifumbate kwa vidole vinne, kisha ainamishe ngumi upande wa kidole cha mwisho, taratibu. Hakufika hata nusu. Aliuvuta mkono kama aliyeshika sufuria bila kitambaa.

Nimefanya fiziotherapia hapa Dodoma miaka 11. Wateja wangu wakubwa ni wacheza mpira wenye magoti, madereva wa bodaboda wenye viuno, na kina mama wenye mabega. Tatizo la kijana huyu nalijua vizuri, ila kwa kawaida huniletea mama aliyejifungua karibuni, anayemnyanyua mtoto kwa kumshika makwapani mara hamsini kwa siku. Kano mbili zinazovuta gumba hupita kifundoni ndani ya ala, kama kisu kinavyokaa kwenye ala yake. Ukirudia mwendo uleule kupita kiasi, ala inanenepa, njia inakuwa nyembamba, na kila kano ikipita inakwaruza. Daktari mmoja wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1895, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Wakati huo hakukuwa na padi za kuchezea gemu wala simu.

"Kwa hiyo na huyu naye ni mwanamichezo?" mama akauliza. Alikuwa anakejeli. Mimi nikalichukua swali nikaenda nalo nyumbani.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wakibishana juu ya jambo hili wanagombania neno lao moja, "athlete". Sisi tunayo matatu: mchezaji, mwanamichezo na mwanariadha, na kila moja lina mlango wake. Isitoshe, "mchezo" kwetu ni mpira, ni bao, ni ngoma, na hata zile fedha ambazo kina mama wanapeana kwa zamu kila mwezi. Kwa hiyo swali la mama nalijibu kwa vipande.

Mwanariadha? Hapana, na hapa siyumbi. Chukua mtu wa kwetu huku kati, Alphonce Simbu, aliyezaliwa Ikungi, Singida. Septemba 2025 jijini Tokyo alikimbia kilomita 42 na zaidi, akamaliza kwa saa 2:09:48. Mjerumani aliyekuwa naye akamaliza kwa muda huohuo, wakatenganishwa kwa sekunde 0.03, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha. Mwili unaofanya hivyo umejengwa upya kutoka ndani. Moyo umepanuka, kila pigo linasukuma damu nyingi, na mtu wa namna hiyo akipumzika mapigo yake yanaweza kushuka chini ya 50 kwa dakika. Mcheza gemu naye mapigo hupanda kwenye fainali, ninakubali. Lakini yanapanda kama ya mwanafunzi anayesubiri matokeo ya kidato cha nne. Ni msisimko unaoharakisha moyo, misuli haijaomba hewa yoyote ya ziada. Moyo wa namna hiyo haujengeki hata ucheze miaka kumi.

Sasa, mwanamichezo? Anayekataa kwa sababu jamaa amekaa kwenye kiti anieleze kwanza habari za kulenga shabaha kwa bunduki. Mchezo huo ulikuwemo kwenye Olimpiki ya kwanza ya kisasa mwaka 1896, na mshindi ni yule anayeweza kutulia kuliko wote. Chesi nayo ilitambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 1999. Na ukikaa na wazee wa bao, ukaona mtu anavyohesabu kete kwa macho mizunguko kadhaa mbele kabla hajanyanyua mkono, utaacha kupima mchezo kwa jasho.

Nchi nyingine zilishaliamua kwa mihuri, bila kungoja mjadala uishe. Mwaka 2013 Marekani ilimpa mchezaji wa gemu ya League of Legends kutoka Kanada, Danny Le, viza ile wanayopewa wanamichezo wa kimataifa. Kwenye Michezo ya Asia ya Hangzhou, 2023, gemu zilitoa medali rasmi kwa mara ya kwanza. Korea Kusini ikachukua dhahabu ya League of Legends, kikosini akiwemo Lee Sang-hyeok, maarufu kwa jina la gemu Faker, na dhahabu hiyo ikawaepusha na utumishi wa jeshi wa lazima. Olimpiki yenyewe bado inasuasua: ilipanga michezo ya gemu pamoja na Saudi Arabia mwaka 2024, na mwaka uliofuata makubaliano yakavunjika.

Mimi lakini ninayeangalia viungo, kisa kinachonigusa ni cha Mchina Jian Zihao, mcheza League of Legends maarufu kama Uzi. Alistaafu 2020 akiwa na miaka 23. Mkono umechoka, na kisukari cha aina ya pili juu yake. Miaka 23! Mcheza mpira wa umri huo hapa kwenye timu yetu ya Dodoma Jiji bado tunamwita chipukizi. Mshambuliaji akivutika msuli uwanjani Jamhuri, benchi zima linamkimbilia na barafu, na kocha anajua atakaa nje wiki ngapi. Huyu wa gemu akiumia anaambiwa aache upuuzi, basi anaficha, anapaka dawa usiku, anaendelea kucheza.

Ndiyo maana nilipokuja kumjibu mama nilimwambia: mama, kwenye kadi yangu nimemwandika mwanamichezo. Nikampa kijana kifaa cha kushikilia gumba, avae wiki tatu bila kugusa padi. Nikampangia namna ya kurudi: dakika 20 kwanza, apumzike, anyooshe mkono, siku inayofuata aongeze kidogo, jinsi ninavyomrudisha mkimbiaji aliyeumia kifundo cha mguu. Na asubuhi apande na kushuka kilima cha Mlimwa, maana mgongo wake nao haukunifurahisha. Kijana alinuna kuhusu kilima kuliko kuhusu gumba.

Akarudi wiki iliyopita. Nikamwambia afumbate gumba, ainamishe ngumi. Safari hii alifika karibu mwisho, akakunja uso kidogo tu.

"Kilima je?" nikauliza.

"Anapanda," mama akajibu kwa niaba yake. "Anapanda, Dokta, lakini huyo mwanamichezo wako sasa anamaliza bando langu akiwa huko juu."