Mwanga usio wa kiklasiki hutambuliwaje?

Chukua leza, uififishe mpaka itoe fotoni (chembe za mwanga) mojamoja za kuhesabika. Wengi hudhani hapo umeshapata mwanga wa kwanta. Bado. Umepunguza wingi tu, tabia ni ileile.

Mwanga usio wa kiklasiki, yaani huo wa kwanta, ni ule usioelezeka kwa mawimbi peke yake, hata mawimbi hayo yangekuwa yanapanda na kushuka ovyo namna gani. Kuutambua, weka kioo kinachopitisha nusu ya mwanga na kurudisha nusu, na kila upande kihisio cha kuhesabu fotoni. Hesabu ni mara ngapi vihisio vyote viwili vinalia kwa pamoja, kisha linganisha na idadi ambayo ingetokea kwa bahati tu. Uwiano huo huitwa g2.

Leza hutoa 1. Mwanga wa taa ya moto, ukichujwa vizuri, hufika 2, maana fotoni zake huja kwa mafungu: kama daladala za Mbagala, unasubiri weee, halafu zinafika tatu kwa mpigo. Wimbi la aina yoyote haliwezi kushuka chini ya 1. Ukipata chini ya hapo, hoja ya mawimbi matupu imekwisha.

Inashukaje? Fikiria kivuko cha Magogoni siku pantoni imebaki moja, nyingine ziko matengenezo (siku hizo tunazijua). Ikishashusha watu Kigamboni, haiwezi kushusha wengine papo hapo. Lazima irudi kupakia. Atomu moja iko hivyo: ikitoa fotoni, ni lazima ipewe nishati upya kwanza. Mwaka 1977 wanafizikia Kimble, Dagenais na Mandel waliliona hilo Marekani kwa atomu za sodiamu. Pantoni zikiwa mbili, yaani atomu mbili, ya pili yaweza kutia nanga wakati uleule, na g2 hupanda hadi 0.5. Ndiyo maana maabara huitaka ishuke chini ya 0.5 kabla ya kusema chanzo ni kimoja.

Lakini kipimo hiki kina upofu wake. Mwanga uliobanwa, yaani uliopunguzwa mtikisiko wa wimbi lake, nao si wa kiklasiki, ila g2 yake yaweza kuzidi 1. Huo huchanganywa na leza yenye nguvu, ukaonekana kwa mtikisiko wake kuwa mdogo kuliko ule wa ombwe tupu, pasipo mwanga kabisa. LIGO, mitambo ya Marekani ya kunasa mawimbi ya mvutano (mitikisiko ya anga itokayo mbali angani), wanautumia tangu 2019.